Mama Kisilu na Debe la Shosho Wamboi

Nyawira alikuwa amepeleka walezi tisa katika nyumba moja kule Ngoingwa, Thika, na wote tisa walikimbia. Sisemi waliacha kazi. Walikimbia! Mmoja aliacha nguo zake zikining'inia kwenye kamba. Wa tisa, msichana mpole aitwaye Jackie, alirudi Ruiru kwa boda boda akiwa na kiatu kimoja, akalia ofisini mpaka mwenye duka la dawa za mifugo akapanda ngazi kuuliza nani amefariki.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Kiuu, huko huko Ruiru, juu ya hilo duka, na kazi ya Nyawira ilikuwa kuwatafutia wazee watu wa kuwalea. Ni kazi ya siku hizi. Zamani nani angelipia mtu amwogeshe nyanya yake? Lakini zungukeni kutoka Ruiru hadi Thika mjionee: nyuma ya kila geti kubwa kuna mzee mmoja ameketi mbele ya televisheni asiyoiangalia, watoto wako kazini, wajukuu wako shule. Wazee wetu wanaishi miaka mingi, Mungu ashukuriwe. Mikono ya kuwashika ndiyo haba. Na ukimpata msichana mzuri, ukimfundisha, akazoea, kesho anakuaga na sanduku mkononi: anaenda ng'ambo kuogesha wazee wa watu wengine. Nyawira alikuwa na miaka sita katika kazi hiyo na alishazoea kuagwa.

Siku Jackie aliporudi na kiatu kimoja, Kagwe alipiga simu. Kagwe ndiye mwenye ile nyumba ya Ngoingwa, mtu wa karibu miaka sitini, ana duka la vifaa vya ujenzi Kamenu, na mgonjwa mwenyewe ni mamake, Shosho Wamboi, yaani Nyanya Wamboi.

"Madam, mimi nimechoka," alisema. "Nimenunua kiti."

"Kiti gani?"

"Ya mshipi. Juzi alipatikana barabara ya Mang'u miguu mitupu, lori ikapiga breki hatua mbili kutoka kwake. Hataki kukaa, hataki kula, akishikwa anapigana kama simba. Niletee mtu mmoja wa mwisho. Huyo naye akikimbia, mamangu atafungwa kwa hiyo kiti asubuhi mpaka jioni." Nyawira akasikia akivuta kamasi. "Sitaki, Madam. Lakini nifanyeje?"

Msimwone mkatili. Mtu ambaye hajawahi kumkimbilia mamake barabarani alfajiri asimhukumu Kagwe.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja ambaye Nyawira alikuwa amemkataa mara mbili. Mbula lilikuwa jina lake, lakini kila mtu alimwita Mama Kisilu, Mkamba wa Ngoliba, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwili umejaa, viganja vipana. Mara zote mbili mazungumzo yalikwenda hivi:

"Cheti uko nacho?"

"Niko na mama mkwe."

"Mama mkwe si cheti, mama."

"Nilimlea miaka kumi na moja, mitano ya mwisho akiwa kitandani. Alikufa bila kidonda hata kimoja mgongoni."

Nyawira alicheka kidogo akamwonyesha mlango. Alikuwa na diploma ya usimamizi, lakini hakuwahi kumgeuza mtu kitandani hata usiku mmoja, kwa hiyo hakusikia alichoambiwa. Wanaojua wangesimama. Mtu akilala miaka mitano, mgongo huoza usipomgeuza kila saa chache, mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Methali inasema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Aliyeitunga hakuwahi kulea mama mkwe!

Safari hii maji yalikuwa yamezidi unga. Nyawira mwenyewe alimpigia simu Mama Kisilu. Shida moja tu ikatokea: sare. Walezi wa Nyawira walivaa koti refu la kaki, lenye mfuko wa kalamu, na kila mmoja alibeba daftari la kuandika mzee amekula saa ngapi na ameamkaje. Nyawira alilichagua lile koti mwenyewe na alilipenda kama mtoto wake. Lakini halikumfunga Mama Kisilu kifuani. Fundi akasema atashona jingine baada ya wiki mbili. Basi Mama Kisilu akaenda Ngoingwa na leso yake kiunoni, bila koti wala daftari.

Siku ya kwanza Nyawira alingoja simu. Siku ya tatu akaangalia kama simu ina chaji. Siku ya nane hakuvumilia, akampigia Kagwe.

"Madam, usimguse huyo mama," Kagwe alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Usimwite mkutano, usimpe likizo, usimpe hata homa. Mamangu anakula. Anakula ugali na mboga! Na jioni analala."

"Amemfanyia nini?"

"Sijui. Mimi hutoka mapema. Nimeogopa kuuliza nisiharibu."

Koti jipya lilipokuwa tayari, Nyawira alilipeleka mwenyewe, naye amevaa lake, limepigwa pasi likasimama. Njiani mamake alimpigia kutoka Murang'a. "Nitakupigia, mum, niko na mteja," akasema, akakata. Alikuwa hana mteja wakati huo, alikuwa amekaa tu akitazama dirishani, lakini ndivyo alivyozoea kusema. Alipofika Ngoingwa kulikuwa na joto, akavua koti na kulibeba mkononi pamoja na lile jipya.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama.

Mtaa ule wote ulikuwa shamba la kahawa kabla ya mawe na mabati. Kagwe alipojenga alibakisha miti minne kando ya ua kama mapambo, wala hakuna aliyeichuma. Sasa Shosho Wamboi alikuwa ameinamia mmojawapo, mwanamke mdogo wa miaka themanini na minne, kikapu kimefungwa kiunoni kwa kipande cha leso. Mkono wa kushoto ulivuta tawi chini, wa kulia ulipita juu yake, kidole gumba na cha shahada, kusokota na kudondosha, kusokota na kudondosha, haraka hata macho ya Nyawira hayakuufuata. Upande wa pili wa mti, Mama Kisilu naye alikuwa na kikapu chake, akichuma polepole.

"Mwaka huu zimeiva," Mama Kisilu alisema.

"Mvua ilinyesha vizuri," Shosho Wamboi akajibu.

Haiya! Shosho huyu, kwa taarifa ya walezi tisa, alikuwa hajajibu neno la maana miezi saba. Alimwita Kagwe, mwanawe mwenyewe, daktari. Alimwita mjukuu wake mwizi. Nyawira alisogea akachungulia ndani ya kikapu. Matunda yote yalikuwa mekundu. Hakuna bichi, hakuna lililopauka, hakuna jani. Tawi lililoachwa nyuma lilibaki na mabichi yake yote, hayajaguswa. Kichwa kilikuwa kimemsahau mwana aliyemzaa, na vidole havikukosea tunda moja.

Mama Kisilu akaleta debe kuukuu la bati. Miti minne haijazi debe, jamani, kwa hivyo alikuwa ameshindilia magunia makuukuu ndani mpaka karibu na ukingo. Akamimina kikapu cha Shosho juu yake, akatikisa, akasawazisha kwa kiganja, akatangaza kwa sauti ya shamba zima, akimwita mama kwa Kikamba:

"Limejaa, mwaitu! Nenda ukale!"

Shosho Wamboi akajipangusa mikono, akaingia jikoni, akaketi mwenyewe. Akaketi! Akavuta sahani.

"Umejuaje?" Nyawira alinong'ona.

"Siku ya kwanza sikufanya kazi, Madam. Nilikaa tu nikitazama mikono yake. Alikuwa anang'oa vifungo vya mto, hivi, anasokota. Nikajua ni mchumaji. Mimi na mama yangu tulikuwa tunatoka Ngoliba kila msimu kwenda kuchuma kahawa kule Ruiru, tangu nikiwa darasa la tatu. Mchumaji hakai kabla ya debe kujaa. Hali kabla ya debe. Ukikaa unafutwa. Na nyinyi kila asubuhi mnamwambia kaa Shosho, pumzika Shosho. Mnamfuta kazi kila siku, halafu mnashangaa akipigana."

"Na kahawa ikiisha kwa miti?"

"Namwagia maharagwe ya rangi mbili kwa gunia, tunachagua. Yeye ananishinda."

Mtu mwenye busara angeshukuru akaenda zake. Lakini ofisi ni ofisi. Nyawira alimpa lile koti jipya. Mama Kisilu akalitazama, akaligeuza.

"Madam, hii rangi..."

"Ni rangi ya kampuni, Mama Kisilu. Wote wanavaa."

Mama Kisilu alikuwa mtu wa kutii mwajiri. Akavaa. Nyawira naye akavaa lake, akatoa daftari na kalamu aandike habari ya debe, maana alitaka kuwafundisha wengine. Wakasimama pale mlangoni, wanawake wawili wa makoti ya kaki, mmoja na daftari mkononi.

Shosho Wamboi aliinua macho kutoka kwenye ugali. Sahani ikaanguka. Aliwapita mbio akielekea kwenye miti, hakusubiri kikapu, akaanza kung'oa kila kilicho mbele yake, majani, mabichi, vijiti, akijaza kwenye sketi, vidole vikatoka damu. Na alikuwa akilia kwa Kikikuyu, maneno yanafuatana bila pumzi:

"Nitajaza, mnyapara. Usiandike jina langu. Mtoto alikuwa mgonjwa, ndiyo nikachelewa. Usinifute, nitajaza, mtoto alikuwa mgonjwa."

Kagwe alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini kwa chakula cha mchana. Alisikia. Alipokuwa mdogo kifua kilimsumbua sana, wakubwa wote wa ukoo walijua hadithi ya jinsi nusura afe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba asubuhi hiyo kulikuwa na mnyapara na daftari. Yule mwanamume mzima alikaa chini kwenye saruji na suruali yake ya dukani, akafunika uso.

Mama Kisilu alishalivua koti. Alilitupa nyuma ya tangi la maji, akamnyang'anya Nyawira lake bila kuomba ruhusa, akalitupa huko huko, akachukua vikapu viwili na kwenda kusimama kando ya Shosho.

"Ameenda, mwaitu," alimwambia. "Ameenda kunywa chai. Pole pole sasa. Nyekundu peke yake."

Ilichukua saa nzima mpaka ile mikono ikatulia.

Na Nyawira? Alibaki mlangoni akihesabu. Walezi tisa, makoti tisa, madaftari tisa. Aliwaita waoga. Hata alimwambia mmoja wao kwamba hana moyo wa kazi. Kumbe kila asubuhi alikuwa akimpelekea bibi kizee wa watu mnyapara mpya wa shamba la kahawa, koti la kaki na daftari, amepigwa pasi! Aliona aibu, aibu ile ya kumfanya mtu atamani kupita nyuma ya nyumba za watu akienda kwake. Jioni hiyo aliyakusanya makoti yote, akampa mwenye duka la dawa za mifugo. Yako pale mpaka leo, yanafunika magunia ya chakula cha kuku.

Tungeishia hapa ingekuwa hadithi tamu. Lakini kupata mlezi ni jambo moja, kumshika ni lingine. Haukupita mwezi, Mama Kisilu akapanda ngazi za Kiuu akiwa na mfuko wake wa nguo.

"Naenda nyumbani, Madam. Nimekuja kuaga kwa heshima."

Nyawira alikuwa ameshaongea na Kagwe asubuhi hiyo, na Kagwe alikuwa ameshaambiwa na Mama Kisilu. "Nimetoa kiti kwa stoo," alikuwa amesema, sauti haina nguvu. "Nimejaribu kumchumisha mwenyewe, amenikataa. Nitaweza wapi?" Basi Nyawira akaanza kubembeleza. Akaongeza mshahara. Akaongeza siku za mapumziko. Mama Kisilu akatikisa kichwa kwa adabu. Nyawira akapandwa na hasira.

"Ni nani amekuchukua? Ni ng'ambo? Sema tu, wote huenda."

"Si ng'ambo."

"Sasa ni nini?"

"Mama yangu."

Fomu ya Nyawira ya kuajiri ilikuwa na maswali ishirini na mawili: cheti, umri, dini, kama unaweza kupika chapati. Hakuna hata moja lililouliza nyumbani umemwacha nani.

"Mama yako anaishi na nani?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mlezi yeyote.

"Peke yake. Macho yameenda. Ana themanini na nane. Jirani alikuwa anampikia, anamwogesha, sasa huyo jirani amehamia kwa bintiye Makueni. Jumapili nimemkuta na nguo nilizomwacha nazo." Sauti ya Mama Kisilu haikupanda. "Mchana nasugua mama wa mtu mpaka anang'aa, Madam. Na wangu ananuka. Mungu ataniangaliaje?"

Wuui.

"Nipe mpaka Jumapili," Nyawira alisema. "Rudi kwa Shosho mpaka Jumapili. Nakuomba kama dadako."

Akatoka mbio. Alimkuta Jackie kando ya barabara akiuza mayai na smoki, zile soseji fupi, akikatakata kachumbari. Jackie alipomwona akataka kujificha nyuma ya toroli.

"Jackie, haikuwa wewe," Nyawira alimwambia pale pale, mbele ya wateja. "Ilikuwa koti. Mimi ndiye nilikosea. Nisamehe."

Jackie alimsikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. "Aki Madam," akasema, machozi yakimlenga. "Mimi wiki hizi zote nilikuwa najua niko na roho mbaya. Nilikuwa nasema kama shosho mzee hivyo ameniogopa, basi ameona kitu ndani yangu."

Alikubali kwenda Ngoliba kumlea mama yake Mama Kisilu, Jumatatu hadi Ijumaa, bila koti. Kagwe alipoambiwa hakuuliza maswali, alipakia tangi jipya la maji kwenye pikapu ya duka akalipeleka mwenyewe, akalifungia mfereji, akarudi na matope mpaka magotini. Zikabaki Jumamosi na Jumapili. Nyawira alipekua daftari la majina mara tatu, na kila mlezi alikuwa ameshikwa mahali. Akapiga moyo konde. Ataenda mwenyewe.

Na Jumamosi akaenda. Huku nyuma Ngoingwa, Shosho Wamboi aliamka saa kumi na mbili, akafungwa kikapu, na kile kiti kilikuwa verandani kimebeba gunia la maharagwe, limefungwa mshipi vizuri lisianguke. Mama Kisilu ndiye aliyelifunga. Alisema kitu kizuri kisipotee bure.

Nyumba ya Ngoliba ilikuwa ya vyumba viwili, uwanja umefagiwa, mbuzi mmoja. Susu Mbinya, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya, alikuwa kwenye kiti cha kamba nje ya mlango, macho meupe ameyaelekeza juani. Nyawira alipasha maji. Akaleta beseni, sabuni, taulo. Akapiga magoti. Kisha akakwama, beseni mbele yake, hajui pa kuanzia. Amepeleka walezi zaidi ya arobaini kwa watu, ameandika kanuni kurasa kumi na mbili, na mwili wa mzee hakuwahi kuugusa.

Susu akanyoosha mkono, akaupata mkono wa Nyawira ndani ya maji, akaupapasa.

"Wewe hujawahi," akasema.

"Sijawahi, Susu."

"Na ndiwe mkubwa wao?" Akacheka mpaka akakohoa. "Anza na miguu. Ukianza na uso mtu anadhani unataka kumnyamazisha. Miguu kwanza, apate kukujua."

Nyawira akaushika mguu. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, ngozi nyembamba, kisigino kigumu chenye nyufa za miaka themanini ya udongo mwekundu. Miguu hii ilitembea Ngoliba hadi mashamba ya Ruiru na kurudi, msimu baada ya msimu, na mtoto nyuma akijifunza kuchuma nyekundu peke yake. Yule mtoto ndiye aliyemlea mama mkwe miaka kumi na moja, ndiye sasa yuko Ngoingwa akimwita mama wa watu mwaitu. Nyawira alisugua taratibu kati ya kidole na kidole. Alikuwa ameshika kitu kikubwa, na kwa miaka sita alikuwa akikiuza bila kukiona.

Susu Mbinya aliegemea nyuma, akafumba macho yale yasiyoona, akashusha pumzi.

"Uko na mkono mzuri," alisema. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko, Susu. Yuko Murang'a."

"Mzee?"

"Themanini na mmoja."

"Asante Mungu." Susu akamletea mguu wa pili. "Na yeye leo anaogeshwa na nani?"

"Sijui, Susu," Nyawira alisema. Akapangusa mikono kwa taulo, akatoa simu, akampigia mamake.